Dakika za Kasiva

Kasiva alijua mahali ambapo watu hulia. Hawalii pale mto unapofurika, wala pale mabati yanapong'oka. Hapo hutikisa vichwa tu na kuandika-andika. Hulia pale anaposema, "Mama yangu alikuwa amelala." Hapo ndipo miwani huvuliwa, na mama mmoja wa mstari wa mbele, hakosekani kamwe, huanza kutafuta kitambaa kwenye mkoba. Kasiva naye, kwa kuwa alifundishwa hivyo, hunyamaza kidogo ili wapate nafasi ya kufuta macho, kisha huendelea na sentensi inayofuata, ile ya vijana kuhusishwa katika maamuzi.

Yeye mwenyewe hakuwa akilia. Si kwamba alijizuia. Hakukuwa na kitu cha kuzuia. Maneno yalimtoka yakiwa yamepangika vizuri, na ndani yake palikuwa kimya, pamekufa ganzi. Mara nyingine alijisikiliza akiongea na kujiuliza msichana huyu ni wa nani, na mbona hajafunga zipu ya mkoba wake.

Mama yake aliitwa Mbeti. Alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe kule bondeni Mathare, jijini Nairobi, hatua chache kutoka mtoni, na alikuwa na mwiko mkubwa wa mti ambao jamaa wa kijijini kwao, Masii, alimchongea, mzito kiasi kwamba mteja aliyechelewesha deni aliutazama mara moja tu akalipa. Kwa mwiko huohuo alimwamsha Kasiva tangu darasa la kwanza. Hakuita jina, hakutikisa mtu. Alitoka nje na kugonga ukuta wa mabati, mbili za haraka, kisha moja ya kuchelewa, kama mtu aliyesahau kitu akakumbuka akiwa mlangoni. Ukishasikia ile ya tatu na bado umelala, shauri yako.

Masika yale mto ulipopanda na kumchukua Mbeti, Kasiva hakuwepo. Alikuwa Naivasha, hotelini, kwenye warsha ya vijana kuhusu majanga, na tafadhali usicheke. Alilala kitanda chenye mito minne, akaamka akakuta simu imejaa majina ya majirani. Walimzika mama Masii. Kasiva alisimama kando ya kaburi macho makavu, shangazi zake wakanong'onezana kwamba mtoto huyu jiji limemharibu. Nao walikosea. Jiji lina makosa yake mengi, lakini hilo halikuwa lake.

Baada ya mazishi hakurudi Mathare. Alipanga chumba mtaa wa Kware, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo mto ungelazimika kuomba ngazi ili umfikie. Kutoka hapo akawa anaitwa kwenye warsha moja baada ya nyingine, na kwenye mikutano ya mtandaoni yenye nyuso ndogondogo. Ile sentensi ilizaliwa katika warsha ya kwanza baada ya mazishi. Mwezeshaji alimuuliza mama alikuwa wapi maji yalipoingia, naye akajibu, "Ilikuwa usiku. Nadhani alikuwa amelala." Warsha ya pili akasema hivyohivyo. Kufikia ya nne au ya tano lile "nadhani" lilikuwa limeanguka njiani, na hakuna aliyeliokota. Hakumuuliza jirani hata mmoja. Majirani walikuwa Mathare, yeye alikuwa na ratiba.

Sasa likaja kongamano lenyewe, lile kubwa. Nchi za dunia zilikuwa zinakutana Nairobi, upande ule wa mji wenye miti na balozi, kuandika azimio juu ya miji, mafuriko na watu wa mabondeni wasiopata onyo. Vijana walitengewa kikao chao, kila mmoja dakika tatu. Mwisho wa kikao wangechaguliwa wachache kuingia katika baraza la vijana litakaloketi na wakubwa kila mwaka. Clare, ofisa wa shirika lililokuwa likimsindikiza Kasiva, alikuwa ameshasikia jina lake likitajwa.

Clare hakuwa mtu mbaya, tuseme hilo mapema, maana hadithi kama hizi hupenda kumtafuta mbaya. Alikuwa dada wa mtaa wa Donholm, mchapakazi, aliyeamini kwa dhati kwamba mtoto wa Mathare akiketi meza ile mambo yatabadilika. Alimpigia Kasiva simu akiwa na furaha ya watu wawili.

"Kasiva! Uko karibu kuingia, wallahi. Ni wewe tu usiniangushe. Alafu wamesema kila kijana akuje na mzee mmoja kutoka kwao. Hii mambo ya vizazi kushirikiana. Hataongea, ataketi tu nyuma yako. Uko na mtu?"

"Niko na mtu," Kasiva alisema, ingawa hakuwa ameongea na mtu yeyote wa kwao tangu mazishi. Alipokata simu ndipo akamfikiria Mzee Nahashon Okinyi.

Huyu Nahashon alikuwa karani wa reli miaka hiyo ya reli ya zamani. Alipostaafu hakurudi kwao Siaya kama wenzake; alibaki Mathare, nyumba mbili kutoka kwa Mbeti, akila chapati zake kwa mkopo na kusoma magazeti ya juzi. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za karakana, na la kulia lilichagua la kusikia. Kama kuna mtu aliyemfanya Kasiva awe msemaji, ni yeye. Na ili uelewe alivyofanya hivyo, lazima nikueleze kidogo mkutano wa Jumapili.

Kila Jumapili alasiri watu wa bondeni hukutana kwenye banda la kanisa kuzungumza mambo ya maji, taka, choo kilichofungwa na nani mwenye ufunguo. Mwenyekiti ni Mama Rispa, mwanamke asiye na mchezo, mwenye saa kubwa ya mkononi anayoiamini kuliko anavyomwamini mchungaji. Kila mtu aliyejiandikisha hupewa dakika zake. Lakini asiyetaka kuzitumia anaweza kuzipeana. Anasimama, anasema, "Dakika zangu nimempa fulani," na huyo fulani anaongea. Sharti ni moja: aliyepeana haketi. Anabaki amesimama mpaka mwenzake amalize, kwa sababu maneno yanayosemwa yako juu ya kichwa chake pia. Mtu akisema upuuzi kwa dakika zako, mnaaibika wawili. Kuna na jambo la pili linalofuatwa pale kama sheria, kwamba neno lililosemwa vibaya mbele ya watu husahihishwa mbele ya watu. Huwezi kuniita mwizi barazani kisha uje kuniomba msamaha jikoni.

Vijana hawakuwa wanajiandikisha. Hapakuwa na amri, ilikuwa desturi tu. Kijana alileta viti, akamimina chai, akanyamaza. Kasiva alikuwa bado na sare ya shule siku Nahashon aliposimama, suruali imemlegea kiunoni, akasema, "Dakika zangu nimempa binti wa Mbeti." Watu waliguna. Mama Rispa aliitazama saa yake kana kwamba inahusika. Kasiva akaongea juu ya bomba lililopasuka nyuma ya shule, sauti ikimtetemeka, na mzee akabaki amesimama nyuma yake mpaka mwisho, akitikisa kichwa hata pale asiposikia. Baada ya hapo alimpa dakika zake Jumapili nyingi sana. Magoti yalikuwa yanamuuma, lakini hakuketi hata siku moja.

Huyo ndiye mtu ambaye Kasiva alimpigia simu. Tangu usiku wa mto hawakuwa wamezungumza, na Kasiva alijua kwamba mzee alikuwepo usiku ule na yu hai. Kule Masii alimwona kwa mbali siku ya mazishi, amevaa koti la kuazima, amesimama penye ua wa boma. Alikuja kama anayetaka kusema kitu, akageuka, akaondoka bila hata kula. Kasiva aliliona hilo na hakulishughulikia. Wakati huo hakuwa anashughulikia chochote.

"Nitakuja," Nahashon alisema kwenye simu, kisha akarudia, "Nitakuja, nyathina."

Neno hilo la Kijaluo maana yake ni "mtoto wangu", na hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo.

Asubuhi ya kikao walikutana kwenye ukumbi wa nje, penye vikombe vyeupe na vitafunio vidogo vya kuliwa kwa kutojali. Nahashon alikuwa amevaa tai ya reli, na kadi ya wageni imemning'inia shingoni juu yake. Walisalimiana kwa mkono. Kasiva alisubiri kusikia kitu, furaha, aibu, hata hasira, hakikuja. Akamwonyesha mahali pa maziwa.

"Umekonda," mzee akasema.

"Ni ngazi za Kware."

"Unakula?"

"Nakula, Mzee."

Clare akatokea mbio, viatu mkononi, kadi tatu shingoni. "Shikamoo, Mzee. Karibu sana. Kasiva, tupitie hiyo stori mara moja, mara ya mwisho. Nataka nione saa."

Kasiva akaisema hapohapo, amesimama kati ya meza za kahawa, kwa kile Kiingereza chake safi cha warsha. Mto. Mabati. Hotelini Naivasha. Halafu: mama yangu alikuwa amelala. Alinyamaza kwa muda uliohitajika. Clare, ambaye alikuwa ameisikia stori hiyo kuliko mtu yeyote duniani, bado alisahau kutazama saa.

Nahashon alikuwa ameinamisha sikio lake la kulia. Taratibu akaweka kikombe chini.

"Kasiva, hiyo," alianza. "Hiyo umekuwa ukiisema?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wengi, Mzee," Clare akadakia kwa fahari. "Hadi Geneva wameisikia."

Mzee alitazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, inayong'aa, unaweza kuona soli za watu. Kisha akamwambia Kasiva, kwa sauti ile ya Jumapili, "Leo nipe dakika zako."

"Sawa," Kasiva akasema.

Alisema sawa kama ambavyo angesema sawa kwa chai ya pili. Hakumuuliza za nini. Hakumfikiria Clare, wala lile baraza, wala kiti kilichokuwa karibu kuwa chake. Nitasema ukweli wake: alihisi nafuu ndogo, kwamba leo hataisema tena. Na hakuna hata mmoja kati yao, yeye au mzee, aliyewaza kwamba jambo hilo lingehitaji ruhusa. Mtu akiwa na dakika zake, ni zake. Mahali gani pa maana pangeendeshwa vingine?

Kengele ikalia, watu wakaingia.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, baridi, meza zimepinda kama ukwato wa farasi. Kila kijana alikuwa na kipaza sauti mbele yake chenye taa ndogo, na nyuma yake kiti cha mzee wake, kisicho na kipaza sauti. Juu, nyuma ya vioo, waliketi wakalimani. Chini watu walivaa visikilizio, wakageuza vitufe kutafuta lugha zao. Kiswahili hakikuwa kwenye vitufe. Nahashon alijaribu kimoja kwenye sikio la kushoto, akakitazama, akakirudisha mezani kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa mama mrefu mwenye mvi, mpole, aliyetamka jina la kila mtu kwa bidii. Kijana mmoja akaongea juu ya kisiwa chao. Mwingine juu ya moto wa misitu. Dakika tatu, taa inageuka nyekundu, asante sana, anayefuata. Mambo yalikwenda vizuri kama kiwandani.

"Kenya," mwenyekiti akasema.

Kasiva akabonyeza kitufe, taa ikawaka. Kisha akasimama, jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya, akasema, "Dakika zangu nimempa Mzee Nahashon Okinyi."

Alisema kwa Kiswahili, akakumbuka, akarudia kwa Kiingereza. Nyuma yake mzee akainuka akishikilia kiti.

Mwenyekiti alitabasamu, akamwinamia ofisa aliyekuwa kando yake, wakanong'ona. Kisha akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba dakika hutolewa kwa mjumbe na haziwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine. Kikao hiki ni cha sauti za vijana. Wazee wanathaminiwa sana, na kuna picha ya pamoja baada ya chakula. Je, mjumbe wa Kenya angependa kuendelea?

"Nimeshazipeana," Kasiva akasema.

Hakuwa anabisha. Ndiyo hali halisi ilivyokuwa. Unawezaje kuongea kwa dakika ambazo si zako tena? Alimwona Clare ukutani, akifanya ishara ya mkono, keti, keti, kisha ishara ya mdomo, ongea, ongea. Alimwonea huruma kidogo, kwa mbali, kama unavyomwonea mtu aliye upande wa pili wa barabara mvua ikimnyeshea.

Sekunde zilikwenda. Mtu fulani mahali fulani akazima kipaza sauti cha Kasiva, na taa ikafa. Mwenyekiti akaangalia karatasi yake kumtafuta anayefuata. Hapo ndipo Nahashon akaanza kuongea.

Alianza kwa Kiingereza cha reli, kile cha "naheshimika kuwajulisha", sentensi moja, mbili. Kisha akaacha. Akaugeuzia ukumbi ubavu, akamtazama Kasiva, akaingia Kiswahili.

"Mbeti hakuwa amelala. Ninasema hapa kwa sababu limesemwa hapa na huko kwingine. Mimi ndio nilikuwa nimelala. Hili sikio la kushoto ni bure, na la kulia nilikuwa nimelilalia. Mbeti alikuwa ametoka. Ameshatoka, unasikia? Alikuwa huko juu karibu na barabara, miguu mikavu, na kibeti chake. Akarudi."

Kasiva alibaki amesimama.

"Alirudi na ule mwiko. Akapiga mabati nyumba kwa nyumba. Aliamsha Kezia na watoto wake wote. Aliamsha wale vijana wa kuosha magari, wakatoka uchi wa mnyama. Mimi alipiga, alipiga, sikusikia, akaingia ndani akanivuta kwa shati. Maji yalikuwa hapa." Akagusa paja lake. "Nikamwambia, Mbeti, imetosha, twende. Akasema bado nyumba ya mwisho. Nikapanda. Sikumngoja. Nilikuwa nikimsikia nyuma, mwiko unapiga, unapiga. Alafu nikawa siusikii."

Akagusa sikio lake la kulia.

"Nikadhani ni sikio langu."

Watu ukumbini walikuwa wamebana visikilizio vyao masikioni, wakibonyeza kitufe hiki na kile. Hawakusikia kitu. Nyuma ya vioo wakalimani walikaa mikono wazi, maana sauti isiyopita kwenye waya haiwafikii. Mama wa mstari wa mbele alitabasamu kwa adabu. Hakuna aliyetafuta kitambaa.

Mlinzi mmoja alikuwa ameagizwa aje. Alikuwa dada wa makamo mwenye hijabu ya buluu na redio begani, jina lake Batulo limebandikwa kifuani. Alitembea haraka mpaka nyuma ya mzee, akanyoosha mkono kumshika kiwiko. Kisha akasikia alichokuwa akisema. Mkono ukabaki hewani. Akaishusha sauti ya redio yake mpaka ikakoma.

"Maliza, baba," akamwambia chini kwa chini. "Polepole tu."

"Nilikuja Masii kukuambia," Nahashon akaendelea. "Nikafika penye ua nikaona hao shangazi zako. Ningesema nini? Kwamba mimi, mzee wa kazi gani, nimebaki, na mama yako ameenda kwa sababu ya masikio yangu? Nikarudi stegi, kwa matatu. Nikasema, atakuja Jumapili, nitasimama, nitasema mbele ya watu. Wewe hukuja Jumapili hata moja. Kila mtu kule anajua, Kasiva. Ni wewe tu hujui."

Akaugeukia ukumbi tena, na kwa mara ya kwanza akapaza sauti.

"Hapa mnaandika watu wa bondeni hawakupata onyo. Onyo tulipata. Lilikuwa mwanamke na mwiko. Muandike hivyo." Halafu akamwambia Kasiva, taratibu, "Keti sasa, nyathina. Nimemaliza."

Kasiva akaketi.

Mwenyekiti alishukuru, akasema anaheshimu hisia za wageni, akaita nchi inayofuata. Kijana wa watu akaanza juu ya barafu inayoyeyuka, na kikao kikarudi kwenye mwendo wake. Kwenye kumbukumbu za siku ile, ukizitafuta, hutakuta neno la Nahashon Okinyi. Wale waliolielewa walikuwa Kasiva, Clare, Batulo, na jamaa aliyekuwa akigawa maji ya chupa, ambaye alisimama na trei yake mpaka mtu akamkumbusha kazi.

Clare aliwafuata nje, kwenye njia yenye maua. Alikuwa amevaa viatu sasa, na uso wake ulikuwa umevimba, haijulikani kwa hasira au kwa kingine.

"Ile nafasi wamempa mtu mwingine," akasema. "Nimeambiwa saa hii. Wanasema hukufuata taratibu."

"Sawa."

"Usiniambie sawa! Miaka miwili, Kasiva. Miwili. Mngeniambia asubuhi, ningeomba ruhusa, ningefanya hata nini."

"Hatukujua inaombwa," Kasiva akasema. Ulikuwa ukweli mtupu, na Clare aliona ni ukweli, na hapo hasira ikamwishia. "Clare. Ile hotuba uliwatumia?"

"Nilituma jana. Wanaiweka kwa rekodi vile ilivyoandikwa, hata kama hukuisoma."

"Pamoja na ile sentensi."

Clare akaitikia kwa kichwa.

"Itoe."

"Imeshaingia, Kasiva. Kuna utaratibu wa..."

"Hakuwa amelala."

Clare aliwatazama wote wawili, binti na mzee mwenye tai ya reli. Akatoa simu yake, akaanza kuandika kwa vidole vya haraka, akafuta, akaandika tena. "Nitajaribu," akasema, akarudi ndani akiwa bado anaandika. Sitakudanganya kwamba alifaulu. Ninachojua ni kwamba alijaribu siku ile na kesho yake.

Nje ya lango, ng'ambo ya barabara, madereva wa balozi wana mama yao wa chai, mwenye kibanda cha mabati kilichobanana na ukuta mrefu wa mtu tajiri. Nahashon, hata na fimbo yake, hakuweza kutembea zaidi ya hapo. Waliketi kwenye benchi, wakaletewa chai ya rangi na mandazi. Kasiva alishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto, aliona kwamba ni cha moto, lakini mikono haikumwambia kitu. Alijaribu kumfikiria mama akirudi chini, miguu mikavu ikiingia majini, na picha ikaja wazi kabisa, ikakaa pale mbele yake kama picha ya mtu mwingine. Hili lilimwogopesha. Alikuwa amedhani kwamba akiujua ukweli atalia, na sasa ameujua, na bado palikuwa kimya. Je, kama ndio imeisha? Kama atabaki hivi?

"Nichukie," Nahashon akasema. "Ni haki yako."

"Sikuchukii, Mzee." Akatafuta ndani yake kama kuna chuki, asije akasema uongo wa pili. "Sina kitu. Sisikii kitu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Kama kuna mtu anayejua habari za kutosikia, ni yeye. Hakumpa shauri lolote, na mimi namsifu kwa hilo.

Wakanywa chai. Dereva mmoja akaja, akalipa, akaenda. Kasiva akauliza, akitazama barabara, "Alipiga vipi?"

"Nini?"

Akasogea upande wa sikio la kulia. "Mabati. Mama aliyapiga vipi?"

Nahashon alifikiri. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaigeuza, akashika upande wa chini. Alinyoosha mkono nyuma ya benchi, akagonga ukuta wa kibanda. Mbili za haraka. Akangoja. Kisha moja.

"Wee mzee!" mama wa chai akafoka kutoka ndani. "Unanibomolea?"

Kasiva alikuwa ameshasimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Mwili ulikuwa umefanya ulichozoea kufanya tangu darasa la kwanza, miguu imetafuta sakafu kabla ya macho kufunguka. Chai ilikuwa imemwagikia mkono wake, nao ulimuuma. Uliuma kwelikweli. Kutoka mkononi uchungu ukapanda mpaka begani, ukaingia kifuani, kama mguu uliolaliwa usiku kucha unapoanza kurudiwa na damu, na unatamani mtu aukate. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo hakuna warsha iliyowahi kuisikia. Mama wa chai akatoka mbio na kitambaa mkononi, akidhani mtu ameungua.

Nahashon alikuwa ameishusha fimbo, amejikunyata, anaomba msamaha kwa lugha zake zote.

Kasiva akamshika mkono, akaurudisha kwenye mabati.

"Piga tena, Mzee," akasema.